Vyumba nilivyolala Asia, kuanzia Deira mpaka Chennai

Binti Pangani (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa Kariakoo alinipigia simu. Anakwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza, anataka nimwambie alale wapi. Tumeongea nusu saa nzima. Nilipokata simu nikagundua sijamtajia hoteli hata moja, nilikuwa namsimulia watu tu: mzee wa mapokezi wa Deira, mama muuza tambi wa Guangzhou, Amma wa Chennai. Nikasema ngoja nilete jamvini, maana humu kuna wanaoondoka kesho na kuna wenye kumbukumbu kunizidi.

Mimi nauza nguo za watoto na mapazia. Pasi yangu ilipigwa muhuri wa kwanza Dubai mwaka 2007, na tangu hapo nimelala vyumba vingi. Majina ya hoteli sitayataja. Nyingine zimefungwa, nyingine zimeuzwa, na chumba kilichokuwa kizuri 2012 leo huenda kina kunguni. Nitakachowapa ni swali ninalouliza kabla ya kutoa hela yangu: usiku nani anakaa pale, na likinikuta jambo saa nane usiku nimwamshe nani? AC na kifungua kinywa nauliza baadaye.

Naanza na Deira ya Dubai, sitakaa sana. Tulikuwa wanawake wanne chumba kimoja, mtaa wa nyuma ya soko la Naif. Vitanda viwili, godoro moja chini, na marobota mpaka mlangoni. Chini kwenye mapokezi alikaa mzee wa Kerala, mwembamba, shati lake limenyooshwa kila siku. Siku ya tatu alituona tunagombana na mtu wa kago kuhusu kilo. Hakuingilia. Yule mtu alipoondoka, mzee akatoa mizani chini ya kaunta, akatuwekea na kalamu. Akatuonyesha: pima mwenyewe kwanza, andika juu ya robota kwa wino mzito, ndipo umwite mtu wa kago. Aje na mizani yake, na wewe una namba zako. Miaka yote hii sijawahi kukabidhi mzigo ambao sijaupima.

Jioni tulikuwa tunavuka hori kwa abra, mashua zao za abiria, mpaka Bur Dubai, dirham moja. Ile dakika chache ya upepo ndiyo ilikuwa mapumziko yetu ya siku nzima.

Naendelea na China baadaye kidogo, nafunga duka kwanza.

Mzee wa Marobota

Dada umenigusa. Deira ya miaka ile ukisikia mtu anaita "shosti!" kwenye ngazi, ujue umefika nyumbani. Nimeweka mkeka hapa, tiririka.

Mchele wa Kyela

Hilo swali la "nani anakaa usiku" nimelinakili. Mimi nilikuwa naangalia nyota na picha za kitanda basi.

Binti Pangani

Nimerudi. Guangzhou.

Waliofika Xiaobei wanalijua lile daraja la waenda kwa miguu, jengo la Tianxiu, na mitaa ya nyuma ambako unasikia Kilingala, Kihausa, Kiarabu na Kiswahili ndani ya hatua ishirini. Mimi napenda kulala upande ule, japo soko langu liko mbali kidogo, kwa sababu ukiumwa au ukipotelewa na pasi kuna mtu wa kumwambia kwa lugha yako.

Oktoba 2012 nilifika wakati wa maonyesho ya Canton. Kwa wasiojua, maonyesho hayo ya biashara yapo tangu 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka, yanaanza katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba. Wiki hizo vyumba vinagombaniwa. Kile ninacholala siku zote nikakikuta kimekwenda, basi nikalipia kingine kwa mtandao, cha bei nafuu, mtaa nisioujua.

Nikafika saa sita usiku. Binti wa mapokezi akafungua pasi yangu, akaifunga, akatikisa kichwa. Hawapokei wageni wa nje. Kule kila mgeni wa nje lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24, na hoteli nyingi ndogo zilikuwa hazitaki shughuli hiyo, zinakukataa mlangoni. Mwaka 2024 serikali yao iliagiza hoteli ziache kukataa wageni kwa sababu hizo, lakini mimi naongelea 2012. Hela yangu niliyolipa haikurudi mpaka leo.

Nikatoka nje na begi la kilo 23, simu imezima. Nimetembea mpaka nikaona kibao cha kijani chenye maandishi ya Kiarabu: halali. Mgahawa wa Wachina Waislamu, wanauza tambi za kuvuta kwa mikono. Walikuwa wanafunga. Mume alikuwa bado mbele ya meza ya unga, anachukua donge moja, analivuta mpaka mikono yote miwili imenyooka, analikunja, analivuta tena, nyuzi zinakuwa mbili, nne, nane, mpaka huwezi kuzihesabu. Nikasimama tu namtazama, maana sikuwa na pa kwenda. Mkewe akanitazama kilemba changu. Nikasema, "Assalamu alaikum." Akaitikia yote mpaka mwisho. Hayo ndiyo maneno pekee tuliyokuwa nayo mimi na yeye, na yalitosha. Akavuta stuli, akaniwekea bakuli la tambi na vipande vya nyama, akachukua simu yangu akaichomeka kwenye chaja.

Nilipomaliza kula, mume akavua aproni, akakokota begi langu mpaka gesti moja mtaa wa tatu. Hakuondoka. Alisimama pale kaunta mpaka akaona fomu ya polisi imejazwa na nimepewa ufunguo. Nilitaka kumlipa hela ya tambi, akaweka mkono kifuani akakataa.

Tangu mwaka ule, kila nikienda Guangzhou chakula changu cha kwanza ni pale. Ijumaa nikikuta wanawake tunaongozana msikiti wa Xianxian, ule ambao kwa mapokeo ya Waislamu wa kule ndipo alipozikwa Saad bin Abi Waqqas. Ijumaa pale nje utadhani uko Kariakoo, mishikaki inafuka moshi mpaka barabarani.

Mdogo wangu, kama unasoma hapa: ukifika tu mapokezi chukua kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kichina, iweke kwenye pochi, usiiache chumbani. Dereva wa teksi hatasoma herufi zako. Na ujue utaacha dhamana, na siku ya kuondoka hawakurudishii mpaka mhudumu apande akague chumba, kikombe kimoja kimoja na taulo moja moja. Kwa hiyo usishuke na mzigo dakika kumi kabla ya gari lako kuondoka.

Mchele wa Kyela

Hapo kwenye mkono kifuani nimesimama kusoma.

Mtu wa Magari

Dada, niruhusu niingize ya Japani, maana mimi biashara yangu ni magari ya mtumba na nimefika Osaka na Nagoya mara kadhaa.

Nililala kapsuli. Zile za kwanza kabisa zilianzia hapo hapo Osaka mwaka 1979, zilibuniwa na msanifu Kisho Kurokawa. Unaingia, viatu unavua mlangoni unavifungia kwenye kabati lake, ufunguo unaukabidhi. Unapewa nguo za kulalia. Begi linakaa kwingine. Halafu unapanda kwenye tundu lako: godoro, taa, pazia la kushusha. Kukaa unakaa, kusimama huwezi. Niliogopa ningekosa pumzi, lakini nilichoshangaa ni ukimya. Watu wengi kwenye ukumbi mmoja na husikii hata mtu kukohoa. Asubuhi wote wanatoka wamenyoosha mashati wanakwenda kazini.

Kilichonipa shida ni bafu. Pale wanaume wanaoga pamoja, wazi, bila kipande cha nguo. Unakaa kwenye kistuli unajisugua mpaka utakate, ndipo unaingia kwenye bwawa la maji ya moto. Mimi nimelelewa kwamba huwezi kumwona mtu wa umri wa baba yako hivyo. Siku ya kwanza nilirudi bila kuoga. Siku ya pili mzee mmoja aliniona nimeganda mlangoni, akanipa kitaulo kidogo na kunionyesha kwa mkono nijisitiri mbele, kisha akageukia ukutani mpaka nikaingia majini. Nilimshukuru sana kwa ile kugeuka.

Binti Pangani

Mtu wa Magari, asante. Kugeuka huko ndiko ninakokuzungumzia tangu mwanzo.

Hong Kong nipite haraka. Wengi tumelala Chungking Mansions pale Nathan Road, lile jengo la 1961, ghorofa 17, limegawanyika majengo matano kuanzia A mpaka E. Watu wanalisema vibaya. Mimi nalipenda. Chumba changu nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili, na bafuni unaoga umesimama juu ya choo. Lakini chini unakula chapati na dengu za Mpakistani, unabadili fedha, unanunua simu, unasikia Kiswahili kabla hujamaliza kona. Kila jengo lina lifti mbili, moja ya ghorofa za namba shufwa na nyingine za witiri, na foleni yake ni ndefu asubuhi na jioni. Ikizidi uzito inapiga kengele, na aliyeingia mwisho anashuka bila kuambiwa. Hata kama ni mzee mwenye tai.

Bangkok nilikwenda Oktoba 2011, mwaka wa mafuriko. Nilikuwa nafuata nguo Pratunam. Maji hayakufika mtaani kwetu, ila kila mlango ulikuwa na viroba vya mchanga, na uwanja wa ndege wa Don Mueang ulifungwa kwa sababu ya maji. Wahudumu wa ile hoteli wengine nyumba zao zilikuwa zimezama, na bado kila asubuhi walitupokea kwa viganja vimeunganishwa kifuani. Yule aliyekuwa anafagia ghorofa yetu alikuwa analala stoo ya mashuka na watoto wake wawili, mwenye hoteli alimruhusu. Nguo mbili za watoto nilizonunua Pratunam hazikufika Dar.

Kwenye lifti kulikuwa na tangazo lenye picha ya tunda limepigwa mstari mwekundu. Marufuku kuingia nalo.

Mkunazini

Hilo tunda si doriani hilo, dada yangu? Sisi Unguja tunalo, msimu wake mtaa mzima unajua nani kanunua. Babu yangu akilila sebuleni bibi analala chumba cha nje.

Binti Pangani

Ndilo, Mkunazini. Na shokishoki nimezikuta zimejaa toroli zima barabarani. Nilinunua kilo mbili nikakaa kitandani nikazimenya peke yangu, nikamkumbuka marehemu shangazi aliyekuwa ananiletea kutoka Unguja kwa jahazi.

Kwa sababu umeingia wewe, niseme ya Muscat. Mwaka 2017 nilikuwa Mutrah, hoteli ndogo inayotazama bahari. Usiku nimeshuka kuomba maji ya kunywa, mzee wa mapokezi, kanzu na kofia ya Kiomani, akaniangalia nilivyofunga kanga. Akauliza kwa Kiswahili safi kuliko changu: "Mwanangu, kwenu wapi?" Nikamwambia Pangani. Akanyamaza. Akauliza, "Boma au Bweni?" Wakuu, mtu wa Muscat ananiuliza niko ng'ambo ipi ya mto! Bibi yake mzaa mama kazaliwa Bweni. Yeye mwenyewe alisoma Tanga, akaondoka kijana miaka ya sabini, wakati Sultani Qaboos alipokuwa anawaita watu wake warudi wajenge nchi.

Tulikaa mpaka saa tisa usiku. Aliniwekea halua na kahawa chungu, akawa ananiuliza vitu: kivuko bado kipo? Ile minazi ya ufukweni? Akasema kule Muscat wanae wanamjibu kwa Kiarabu, Kiswahili anakisema na mkewe tu na watu wachache wa rika lake. Kila neno la zamani nililotamka alilirudia polepole, kama mtu anayelamba kijiko.

Mkunazini

Mie jamaa zangu nusu wako Ruwi na Seeb. Ukipiga simu wanaongea Kiswahili cha miaka ile, maneno ambayo sisi huku tushayaacha. Umenitia huzuni na raha kwa pamoja.

Mchele wa Kyela

Dada, na Chennai? Kule nako ulikwenda kibiashara?

Binti Pangani

Sikwenda kibiashara. Naomba mnivumilie hapa, nitaandika kirefu.

Mwaka 2013 mama yangu aligundulika valvu ya moyo imeharibika. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilikuwa bado haijaanza, imeanza 2015, kwa hiyo tukaambiwa India. Viza ya matibabu inaruhusu wasindikizaji wawili. Uwezo wetu ulikuwa wa mmoja, nikaenda mimi. Tulifika Chennai Desemba. Mama alikuwa hajawahi kupanda ndege. Kwenye begi lake mlikuwa na doti nne za kanga, tasbihi, na unga wa sembe kilo tatu.

Mitaa ya Greams Road, karibu na hospitali, imejaa gesti za wagonjwa. Utakutana na Wabangladeshi, Waomani, watu wa Maldivi, Wahindi waliotoka majimbo ya mbali. Yetu ilikuwa ya ghorofa tatu, rupia 900 kwa usiku, chumba kina vitanda viwili na jiko la gesi la plate moja. Maji ya bomba hunywi, unaletewa madumu ya lita 20. Ukifika mwenye gesti anachukua nakala ya pasi na viza anajaza Fomu C ya serikali, ndani ya saa 24.

Mlinzi, mpishi na msimamizi wa nyumba ile alikuwa mtu mmoja, mama wa umri wa mama yangu, sari ya pamba, nywele zina maua. Kila mtu alimwita Amma, ndiyo "mama" kwa Kitamil. Na yeye akawa anamwita mama yangu Amma. Walikaa wiki sita wakiitana mama, kila mmoja na lugha yake.

Jioni ya kwanza aligonga mlango. "Saptingala?" Nikadhani anataka pasi, nikampa. Akairudisha. Akauliza tena, akaonyesha mkono kuelekea mdomoni. Ameuliza kama tumekula. Tangu siku hiyo kila jioni, saa moja na nusu, mlango unagongwa: saptingala?

Mama hakuwa anakula. Alikuwa anaogopa, na hakutaka nijue. Anakaa kitandani ameelekea ukutani na tasbihi. Siku ya nne nikamshawishi ashuke anyooshe miguu. Tulipofika mlango wa jiko, Amma alikuwa amekaa chini kwenye kigoda, mbele yake ulimi wa chuma wenye meno, anakuna nazi.

Mama akasimama. Akasema kwa sauti, "Kumbe mbuzi wanayo!"

Sikuwa nimemwona akicheka tangu uwanja wa ndege. Akajifunga kanga vizuri kiunoni, akamwomba Amma kwa mkono ampishe. Akakaa, akashika kifuu, akaanza kukuna kama kwetu: viganja viwili, kifuu kinazunguka kidogo kidogo, hagusi ile ngozi ya kahawia hata mara moja, chicha linashuka jeupe tupu. Amma akainama, akachukua kidogo kwa vidole, akalitazama mwangani. Akamgusa mama begani. Mama akawa anangoja aletewe maji akamue tui. Amma akalichukua lile chicha lote akalitia kwenye blenda na pilipili mbichi na dengu zilizokaangwa, likawa chatini. Mama alishika mdomo! Walibishana hapo dakika kumi, Kizigua, Kiswahili na Kitamil, na siku hiyo mama alikula.

Mpaka siku ya kulazwa, nazi za nyumba ile alikuna mama.

Unga wetu uliisha wiki ya pili. Mnaokwenda, nunueni rava, ile semolina wanayopikia upma, inasongeka ugali mzuri tu ukikaza mkono. Kwenye sambari, mchuzi wao wa dengu, utakuta vijiti vya kijani vya kunyonya: ni mlonge huo. Hata hilo jina moringa mnaloliona kwenye chupa za dawa limetoka kwenye Kitamil chao, murungai. Sisi tunachuma majani, wao wanapika mpaka maganda.

Hospitali waliponitajia gharama waliitaja kwa laki. Neno letu hilihili. Nilitamani siku hiyo nisiwe nimelielewa.

Mama aliingia kwenye upasuaji alfajiri ya Jumatatu, mwanzoni mwa Januari. Alitoka jioni. Nilimwona kwa kioo, mabomba kila mahali, nikaambiwa nenda ukalale. Nilifika gesti saa tano usiku. Amma alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, taa imewashwa, mkononi ana bilauri ya bati ya kahawa ya maziwa iliyoshapoa. Hakuniuliza mgonjwa anaendeleaje. Aliuliza lile swali lake.

Sikuweza kumjibu. Nililia pale ngazini nikiwa nimeshika ule mkono wake wenye harufu ya binzari. Hakusema kitu. Alikwenda kuipasha kahawa, akarudi, akawa anaimimina kutoka bilauri kwenda kwenye bakuli lake na kurudi, kutoka juu, mpaka ikawa na povu, akanipa.

Sikulala. Alfajiri nikamsikia anafagia mbele ya mlango. Ule ulikuwa mwezi wao wa Margazhi, ambao wanawake huchora kolam, ile michoro ya mbele ya mlango, kubwa kuliko siku nyingine. Anamwagia maji ardhi, anachota unga wa mchele, anauachia katikati ya kidole gumba na cha shahada unashuka uzi mwembamba. Kwanza vitone kwa safu, halafu mstari mmoja unaozunguka vitone vyote na kurudi ulikoanzia bila kukatika. Katikati akaweka donge la kinyesi cha ng'ombe na ua la boga, la njano, limechanua. Akanipa unga na mimi. Mstari wangu ulikatika kila mahali. Alinishika kifundo cha mkono akanivuta nao mpaka mwisho.

Mama alitoka hospitali siku chache kabla ya Pongal, sikukuu yao ya mavuno, katikati ya Januari. Uani walisimamisha chungu kipya juu ya matofali matatu, mchele mpya, maziwa na sukari guru. Lazima kichemke mpaka kifurike, ndiyo baraka yenyewe. Mama amekaa kwenye kiti cha plastiki, amejifunika kanga mbili, mto umebanwa kifuani kwa sababu ya mshono. Povu lilipomwagika watu wote wakapiga kelele: "Pongalo pongal!" Na mama naye! Nikamwambia mama, daktari amesema usijikaze. Akaniambia niache.

Kuna jambo moja hapa silisahau. Amma alijua sisi Waislamu. Chakula kile wanakitoa kwanza kwa jua, kwa ibada yao. Kabla ya yote hayo alikuwa amepika sufuria ndogo pembeni, akaifunika na sahani, ya kwetu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Mama aliishi miaka saba baada ya hapo. Amefariki 2021, nyumbani Pangani, kwa uzee na mengine, si kwa moyo. Mpaka mwisho wajukuu wakiingia jioni alikuwa anawauliza "Saptingala?", na wao wanamjibu "Bado, bibi!" Wadogo walidhani ni Kizigua.

Mzee wa Marobota

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu amrehemu mama yetu. Nimesoma huku nimefunga mlango wa ofisi.

Mkunazini

Allah amrehemu. Hiyo sufuria ya pembeni, dada. Hiyo sufuria.

Mwana wa Bukombe

Dada, sijawahi kuchangia humu, huwa nasoma tu. Naondoka Alhamisi kwenda Chennai na mama yangu. Figo. Sijawahi kutoka nje ya nchi. Nilikuwa sijui naanzia wapi, mke wangu kanitumia huu uzi. Tafadhali nielekeze.

Binti Pangani

Mdogo wangu, pole sana, na mama mpe pole yangu.

Tengeneza nakala sita za pasi na viza zenu wote wawili, picha ndogo pia, kila mahali utaombwa. Vipimo vyote vya nyumbani beba mkononi, usiweke kwenye begi la chini. Chumba chukua cha ghorofa ya chini au ulizia kama lifti inafanya kazi wakati wote, maana mgonjwa wa figo akitoka kusafishwa damu hana nguvu ya ngazi. Chakula chake fuata karatasi ya hospitali, usimwige mama yangu na machatini, chumvi ya kule ni nyingi. Beba sweta, AC za wodini ni baridi. Na wewe mwenyewe ule. Msindikizaji akianguka hakuna wa kumsindikiza.

Nimempigia Amma jana usiku, mjukuu wake anazungumza Kiingereza akawa mkalimani. Bado yupo, magoti tu yanamsumbua, kazi ya ngazi kaachiwa binti yake. Chumba cha chini kina nafasi kuanzia Ijumaa. Nimemwambia anakuja kijana wangu na mama yake. Namba na ramani nakutumia pembeni, si hapa.

Nina ombi. Kuna doti moja ya kanga za marehemu mama ambayo haijakatwa, aliisema ni ya Amma. Nimekaa nayo muda mrefu kwa sababu sikuwa na wa kumpa apeleke. Uko Dar lini? Nitakufuata popote, hata stendi ya Magufuli, Mbezi.

Mwana wa Bukombe

Naingia Jumatano alfajiri kwa basi, dada. Nitaipeleka kwa mkono wangu. Mama anauliza abebe nini cha jikoni, anataka kupika mwenyewe. Ameshafunga mwiko na mbuzi ya nazi kwenye begi.

Binti Pangani

Mwiko abebe. Mbuzi aiache nyumbani, ipo.